Kutu ya Bomba la Plastiki

Maneno yalimfikia akianika nguo. Muuza mkaa ndiye aliyeyaleta, akayatua chini pamoja na gunia lake: kwamba kule mwisho wa safu, nyumbani kwa fundi cherehani, yule mama mzazi wa fundi hakufa kwa uzee kama ilivyotangazwa. Alihara siku mbili, akakauka kama jani, akaenda. Na sababu ni maji. Maji haya haya ya bomba jipya.

"Nani kasema?" Mama Wasiwasi aliuliza, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni.

"Watu."

"Watu gani?"

"Wee mama nawe! Nikuletee na vitambulisho vyao?" Muuza mkaa akapokea hela yake, akakung'uta mabega, akaenda zake.

Jina la Mama Wasiwasi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na safu yao yote ya nyumba kumi na mbili, kwa sababu alikuwa mtu wa kufunga mlango, kwenda hatua ishirini, kisha kurudi kuusukuma aone kama umefungika kweli. Mtoto akikohoa mara moja, yeye alikuwa ameshakohoa mara tatu kwa niaba yake. Watu walicheka, naye alicheka nao, maana mfuaji wa nguo za watu hana nafasi ya kununa.

Lakini neno lile halikumtoka. Alilianika pamoja na nguo, akalianua nazo. Alipomwona wifi yake, dada wa mumewe, amesimama kwenye mlango wa saluni yake pale jirani, alimwendea.

"Wifi, umesikia habari za mama wa fundi cherehani?"

"Si tulikwenda kuzika wote? Habari gani tena?"

"Wanasema ni maji."

Wifi alikuwa amembeba mwanawe wa miezi minne, mtoto aliyempata baada ya kungoja miaka tisa na kusemwa miaka tisa. Alimhamishia bega la pili. "Wifi yangu, yule bibi alikuwa na miaka themanini na mbili. Ulitaka afe kwa nini, kwa uzazi?"

Wateja wawili waliokuwa ndani, vichwa vimejaa povu, wakaangua kicheko. Mama Wasiwasi naye akacheka kidogo, akarudi kwenye beseni lake.

Tena nani angetaka kuyaamini maneno yale? Miaka kumi na moja safu hiyo ilichota maji bondeni, ndoo kichwani, mlima wa kupanda ukiwa ni ule wa kurudi umejaza. Bomba lilikuwa na miezi mitano tu tangu lifike. Mgeni rasmi alikuja, akafungua koki, akanywa glasi nzima mbele ya watu, wakapiga makofi kama kwamba kunywa maji ni kipaji. Tangu hapo maji yalikuja kwa mgao, Jumatatu na Alhamisi, asubuhi mpaka saa sita. Kuyasema vibaya ilikuwa kama kumsema vibaya mgeni ambaye bado hajamaliza hata kukaa.

Yalikuwa na tabia moja tu. Kila siku ya mgao, robo saa ya kwanza, yalitoka ya rangi ya chai, na harufu kidogo.

"Kutu," watu walisema. "Bomba jipya bado linajisafisha."

*

Jumamosi, mama mwenye nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, hakumtuma mtu. Aliyarusha mashuka sita juu ya meza ya kupigia pasi.

"Nilikupa mashuka, umenirudishia ramani."

Mama Wasiwasi alilikunjua moja. Kweli, katikati kulikuwa na doa la kahawia hafifu, lina pembe na visiwa. Nguo za Alhamisi hizo. Siku ile alikuwa na haraka, akajaza beseni kwa maji ya mwanzo.

"Ni kutu ya bomba, mama. Nitayarudia kwa maji yaliyotulia."

"Kutu?" Yule mama alilichukua shuka, akalipeleka puani mwa Mama Wasiwasi kama mtu anayemnusisha mtoto kosa lake. "Kutu inanuka hivi? Nusa. Nusa vizuri. Mgeni wangu amelala humu akaniuliza kama choo kiko chini ya kitanda."

Mama Wasiwasi alinusa. 

"Hela sitoi. Na sabuni yako usinidai."

Jioni mumewe aliporudi kazini alimkuta bado ana shuka mkononi. Mumewe huyo watu walimwita Fundi Koki. Hakuna koki ya mji ule iliyowahi kumshinda, ingawa ya nyumbani kwake ilidondosha. Mwaka huo alikuwa kibarua wa mkandarasi aliyepewa kazi ya kulaza mabomba. Ndiye aliyelaza hata hilo la safu yao, na alipenda kulipita akilionyesha kwa kidole, kama mtu anayeonyesha shamba.

"Baba Kitinda, nikuulize kitu."

"Uliza, nikivua viatu."

"Yale ya asubuhi, yanayotoka kahawia, ni kutu?"

"Ni kutu."

"Bomba mlilolaza ni la nini?"

"La nini, vipi? Plastiki. Nyeusi, nene, ya kufukia. Umeliona mwenyewe."

"Plastiki inashika kutu?"

Mkono wa Fundi Koki ulisimama kwenye kamba ya kiatu. 

"Itakuwa ni kutu ya tangi."

"Tangi si la zege? Si wewe uliyekuja na mikono imechunika wiki nzima, ukasema mmemwaga zege la tangi?"

"Mama Kitinda, nimechoka."

Alikwenda kuoga. Mama Wasiwasi alilikunja shuka lile mara nne, mara nane, mpaka likawa dogo kama kitabu, akalikalia.

*

Jumatatu alfajiri Kitinda, binti yao wa mwisho, mwenye miaka sita, alitapika kwenye mkeka. Akatapika tena. Kisha yakaanza ya upande wa pili, na hayakuwa na mwisho; yalitoka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Kufika saa mbili mama yake alikuwa amembeba mgongoni anakwenda naye zahanati nusu akikimbia. Mtoto aliyekuwa mzito juzi alikuwa mwepesi kama nguo kavu.

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye penseli kwenye nywele, aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto. Ilisimama pale pale ilipofinywa. Alitafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, wa kushoto akaupata, akafungulia dripu ishuke kwa kasi. Ndipo akauliza.

"Mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya bomba."

"Mnachemsha?"

"Si ni ya bomba?"

"Mama, sikukuuliza ni ya nani. Nimekuuliza mnachemsha?"

Kulikuwa na wanawake wengine wanne kwenye benchi, wote masikio yamesimama. Mama Wasiwasi alijibu chini chini. "Ya bondeni tulikuwa tunachemsha. Haya ya bomba tuliacha. Mkaa nao umepanda."

"Mkaa umepanda," muuguzi alirudia, bila ukali, kama mtu aliyelisikia jibu hilo mara nyingi mpaka limemchosha. Alichomoa penseli nywelani, akaandika. "Safu ya juu ya mtaro, siyo? Huyu ni wa nne kutoka kwenu tangu Ijumaa. Wale watatu ni watu wazima, wamerudi nyumbani. Kuna mtu kwenu aende ofisi ya maji aseme. Mimi nimeshaandika mara mbili. Karatasi yangu haina miguu."

*

Fundi Koki alifika saa sita, buti za kazi zina matope. Hakuingia wodini, alisimama dirishani akiitazama dripu. Matone yalikuwa yanaanguka moja moja. Mtu aliyeishi kwa kuhesabu matone ya koki za watu, leo aliyahesabu ya mwanawe.

Mkewe alitoka akaketi naye kwenye benchi la nje.

"Muuguzi anasema huyu ni wa nne kutoka kwetu."

Macho ya mumewe yalibaki dirishani.

"Baba Kitinda. Plastiki haishiki kutu."

Fundi Koki aliinama, akaanza kubandua matope ya buti kwa kijiti. Alizungumza na buti. "Pale bomba linapovuka mtaro mkubwa, lilikuwa lipite juu. Bomba la chuma, juu ya nguzo mbili. Ndivyo ilivyochorwa. Lile la chuma halikufika. Likangojwa, halikufika, na mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumamosi. Msimamizi akasema: pitisheni chini, mgeni rasmi haangalii mtaroni."

"Mtaro wa maji ya vyoo?"

"Mama Kitinda, ni mtaro gani mwingine tulio nao?"

"Endelea."

"Tukapitisha lile la plastiki, chini kabisa, kwenye tope lenyewe, hatua tisa kutoka daraja la mbao, upande wa juu. Likapungua. Kiungo kikaangukia mle mle katikati. Kiungo cha kukazia kwa spana hatukuwa nacho. Nikapasha moto ncha, nikachomeka moja ndani ya nyingine, nikafunga kwa mpira wa ndani wa tairi." Alitupa kijiti. "Niliufunga vizuri. Wallahi niliufunga vizuri. Maji yakiwemo, yanasukuma kutoka ndani, hakiingii kitu. Lakini yakikatwa, bomba linabaki tupu. Na bomba tupu linanyonya."

"Na pampu ya dada yako?"

Hapo ndipo alipofumba macho. Wifi alikuwa amefunga pampu ndogo ya umeme kwenye bomba lake, ili siku zisizo za mgao avute yaliyobaki ndani, saluni isikose maji ya kuoshea nywele. Kaka yake ndiye aliyemfungia.

"Ile ndiyo inavuta hasa," alisema.

Mama Wasiwasi alikaa akitazama geti la zahanati. Mwisho alisema, "Naenda ofisi ya maji."

"Ngoja." Alimshika mkono. "Ijumaa wanasaini barua za ajira ya kudumu. Vibarua sita kati ya arobaini, na mimi nimo. Mama Kitinda, sikiliza. Mshahara kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Hutafua tena shuka la mtu akakunusisha. Nipe mpaka Ijumaa. Jumamosi naingia mtaroni mwenyewe, nalikaza na kiungo cha kweli, nakinunua kwa hela yangu. Hakuna atakayejua, na hakuna atakayeumwa."

"Na mpaka hiyo Ijumaa?"

"Waambie watu wachemshe. Wewe wamekuzoea kwa wasiwasi, hawatauliza." Akajaribu kutabasamu. "Damu nzito kuliko maji, mke wangu."

"Haya maji nayo ni mazito."

Hakusema ndiyo. Lakini siku ile hakwenda ofisi ya maji, na kwa aliyekuwa akinywa maji yale hapakuwa na tofauti.

*

Jumanne mchana Kitinda alifumbua macho, akaomba kunywa. Mama yake akamwachia mama mmoja wa kitanda cha pili, akaenda nyumbani mbio kuchukua nguo safi.

Wifi alikuwa nje ya saluni. Kwenye dirisha, juani, palikuwa na chupa mbili za maji zimepangwa zipate uvuguvugu, na kopo la maziwa ya unga. Pampu ilikuwa inanguruma. Maji ya mgao yalikuwa ya Alhamisi. Haya yalikuwa ya pampu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ameamka. Wifi, hayo maji ya mtoto umeyachemsha?"

"Jua limeyachemsha." Wifi alicheka. "Yanapata joto lake zuri, sihangaiki na mkaa, na maziwa hayashiki madonge."

"Yachemshe, wifi. Na hiyo pampu, izime kwanza siku hizi mbili tatu."

Kicheko kikapungua usoni mwa wifi. "Pampu nayo imefanya nini?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno lilikuwa kwenye ulimi: mtaro. Neno moja. Lakini wateja walikuwa ndani, na mmoja wao alikuwa mke wa msimamizi, nywele zake zimefungwa taulo, anasikiliza. Mama Wasiwasi alimwona. Akaiona na barua ya Ijumaa, imekunjwa, haijasainiwa.

"Chemsha tu, wifi. Watoto wanaumwa."

"Watoto wanaumwa tangu dunia iumbwe. Wewe sema tu pampu inakukera kwa sababu sisi tuna maji na nyie mnasubiri Alhamisi. Kaka yangu kanifungia mwenyewe. Kama ni wivu, chemsha huo." Akaichukua chupa moja, akaijaribu kwenye kifundo cha mkono, akaingia ndani kwa mwanawe.

Mama Wasiwasi alichukua nguo za Kitinda. Alifunga mlango, akaenda hatua ishirini. Siku hiyo hakurudi kuusukuma.

*

Jumatano saa moja asubuhi wifi aliingia zahanati miguu mitupu, mtoto amefungwa ndani ya taulo la saluni. Hakumwona mtu. Alipita benchi lote, akapita kitanda cha Kitinda, akamwekea muuguzi yule mtoto mikononi kama anayerudisha kitu alichoazima.

Muuguzi alitafuta mshipa kwenye mkono. Akatafuta kwenye mguu. Akatafuta kichwani.

Mama Wasiwasi alisimama. Hakuaga. Alikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya maji, na njia nzima hakuiona.

Ofisi ilikuwa na madirisha matatu ya kioo. Tundu la kusemea lilikuwa limetobolewa chini, usawa wa tumbo, hivyo kila mwenye shida alilazimika kuinama, makalio nje, kama anayeomba radhi kabla ya kukosa.

"Namba ya mita?" karani aliuliza.

"Sina hapa. Nimekuja kusema kwamba maji yana—"

"Mama, bila namba ya mita mashine haikutambui."

"Watoto wanakufa, baba."

"Ubora wa maji ni dirisha la tatu."

Dirisha la tatu lilikuwa na karatasi: amekwenda semina. Akarudi la kwanza. Foleni ikamnung'unikia. Mzee mmoja akasema, "Mwacheni mama, huenda na yeye alikuwa semina." Watu wakacheka.

Karani alinyoosha kidole ukutani. "Maji yetu yamepimwa. Cheti kile pale, kina mhuri."

"Yamepimwa wapi?"

"Tangini."

"Sisi hatunywi tangini."

Safari hii hakuna aliyecheka. Karani alikunja midomo. "Haya, sema. Unadhani hitilafu iko wapi?"

Aliinama zaidi, mdomo ukakaribia tundu. "Mtaro mkubwa, chini ya tope. Hatua tisa kutoka daraja la mbao, upande wa juu. Bomba limechomekwa moja ndani ya jingine, likafungwa mpira wa tairi. Linanyonya maji ya vyoo."

"Umejuaje hayo yote? Wewe ni mhandisi?"

"Mfua nguo."

"Basi umejuaje?"

Nyuma yake foleni ilikuwa imesogea karibu. Alijua hapo kuna majirani wa safu yao, na kwamba maneno haya yakishatoka hayafuliki.

"Aliyelifunga ni mume wangu."

Karani aliweka kalamu chini. Alikwenda ndani, akarudi na mhandisi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani shingoni. Yeye hakumsemesha kwenye tundu. Alifungua mlango wa pembeni, akampa kiti, akamwambia arudie taratibu. Mama Wasiwasi alirudia. Alipoulizwa kama yuko tayari kutia sahihi, alisema, "Fungeni maji kwanza, sahihi nitatia hata kumi." Mhandisi akapiga simu, koki kuu ikafungwa. Ndipo akaandika jina lake, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la tatu.

*

Walichimba mchana ule ule. Fundi Koki aliitwa na yeye, akapewa koleo. Hakubisha. Aliingia mtaroni mpaka magotini, akaenda moja kwa moja bila kupimiwa, akalishika bomba kwa mikono miwili akalinyanyua. Safu nzima ilikuwa imejipanga darajani, viganja puani. Mpira ulikuwa umeoza, umelegea kama ulimi. Walipolitenganisha bomba, kilichotoka ndani kilikuwa cheusi, na watu waliokuwa wamekunywa miezi mitano wakaanza kutema mate, mmoja baada ya mwingine.

Msimamizi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka darajani: "Huyu kibarua alifanya kazi bila maelekezo."

Fundi Koki alimtazama kutoka kule chini. "Bomba la chuma liko wapi, bosi?"

"Toka mtaroni."

"Nimetoka. Nauliza tu, liko wapi?"

Msimamizi alimpa kisogo. Wakamwachisha kazi palepale. Buti zilikuwa mali ya mkandarasi, wakamwambia azivue. Alipita katikati ya majirani akiwa na soksi tu, soksi zilizolowa zikipiga chini kama vitambaa vya deki, na watu wakampisha, si kwa heshima.

Nyumbani alimkuta mkewe amerudi kuchukua blanketi.

"Ungenipa mpaka Ijumaa," alisema.

"Nilikupa Jumatatu. Nikakupa na Jumanne."

Alikaa kwenye kizingiti, akavua soksi.

Mtoto wa wifi alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi. Kitinda aliruhusiwa Ijumaa, mwepesi bado, akauliza mbona shangazi haji kumwona.

*

Saluni ilifungwa. Pampu ilikatwa na watu wa ofisi. Safu ikarudi bondeni na ndoo zake, na ofisi ikasema bomba la chuma limeagizwa. Watu hawakumwita tena Mama Wasiwasi. Hawakumwita kitu. Alipofika kwenye kisima cha bondeni walimpisha achote, wakangoja aondoke ndipo waendelee na mazungumzo. Wengine walisema amemuuza mumewe. Wengine walisema amechelewa kumuuza. Nguo za kufua zilipungua mpaka zikabaki za muuguzi peke yake.

Siku ya tisa baada ya mazishi, wifi alipiga hodi. Miaka yote hakuwahi kupiga hodi nyumba hiyo. Alikuwa anaingia tu, akifunua vyungu. Alikaribishwa, hakuingia. Alisimama mlangoni, mikono imeshikana mbele, kana kwamba kuna kitu bado anakibeba.

"Kaka yangu yuko?"

"Ameenda kutafuta kibarua."

"Sikumfuata yeye. Nimekufuata wewe." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza bei. "Ulijua lini?"

Mama Wasiwasi angeweza kusema Jumatano. Hakuna ambaye angembishia, hata mumewe.

"Jumatatu."

Wifi aliitikia kwa kichwa polepole. "Jumanne uliniona na chupa mkononi."

"Nilikwambia uchemshe, wifi."

"Uliniambia nichemshe. Mtu gani hajawahi kuambiwa achemshe?" Aliachanisha mikono. "Ungeniambia ni mtaro. Ningekutukana, wifi. Ningekutukana wewe na ukoo wenu wote, na kaka yangu ningemtoa macho. Lakini yale maziwa ningeyamwaga."

Akageuka, akaenda kwake. Hazikuwa hata hatua ishirini.

*

Haya ndiyo ya kuepuka, kwa kila mwenye bomba na kila mwenye mtoto:

Usiyaamini maji kwa sababu yanatoka kwenye koki. Koki ni mlango tu, haisemi yalikopita.

Usinywe wala kufulia maji ya mwanzo siku ya mgao. Yamwage mpaka yawe meupe, na yakiwa meupe yachemshe bado, mpaka yatokote. Jua halichemshi.

Usikubali neno kutu kabla hujauliza bomba ni la nini.

Usifunge pampu kwenye bomba la mtaa. Inavuta na usichokiona.

Usiache mfereji ufukiwe haraka kwa ajili ya mgeni. Nenda uangalie kiungo kimeangukia wapi, hata wakikuuliza wewe ni nani.

Mtoto akihara maji meupe, usingoje asubuhi, usingoje baba yake, usingoje hela.

Usiogope kuinama kwenye dirisha la ofisi. Mgongo utanyooka.

Usipime mshahara na uhai, hata kwa siku mbili, hata kama mshahara ni wa kweli na shida ni za kweli.

Usimwambie jirani achemshe ukamficha kwa nini. Mtajie mtaro. Mtajie mpira. Mtajie na aliyeufunga, hata kama mnalala kitanda kimoja.